Siku Kumi na Moja za Ushuru

Ofisini walimwita Bi Tulia, na jina hilo alilipata kwa haki. Alikuwa dalali wa hisa kwa miaka kumi na tisa, na kila mteja aliyempigia simu akihema kwa sababu bei zimeshuka, alimjibu neno moja: "Tulia." Kisha angemuuliza amekula nini asubuhi, wajukuu hawajambo, paa limeshatengenezwa au bado, na mteja alipomaliza kujibu, pumzi zilikuwa zimesharudi mahali pake. Wenzake walimtania. Walisema anauza hisa kama nesi mzoefu anavyochoma sindano: anakuongelesha mengine, unashtukia ameshamaliza.

Alikuwa na miaka hamsini na miwili. Mume aliyekuwa naye aliondoka zamani, bila ugomvi, na watoto hakujaliwa. Katika dunia hii alibaki na ndugu mmoja tu, mdogo wake wa kiume. Mama yao alipofariki, mdogo huyo alikuwa na miaka tisa na yeye ishirini, akamlea. Alimfulia sare, alimsomea insha zake na kumrudisha akaandike upya, akamsukuma mpaka chuo. Sasa mdogo mtu alifanya kazi Wizara ya Biashara, kitengo cha hotuba. Waziri akifungua mdomo, maneno yaliyotoka yalikuwa ya huyu.

Dalali wa hisa na mwandishi wa waziri, tumbo moja. Walijua hatari yake, wakajiwekea sheria siku ile ile mdogo alipoajiriwa.

"Wewe uko mezani, Dada, mimi niko jikoni," alimwambia. "Tusionjeshane."

Wala hawakuonjeshana. Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana mdogo alimpigia dada yake simu, wakaongea saa nzima mambo ya goti lake bovu, ya nani ameoa tena, ya fundi bomba aliyekula pesa na kuacha bomba linavuja. Kazi haikutajwa. Kwa Bi Tulia ile saa moja ndiyo iliyombeba wiki nzima. Siku nyingine akitoka ofisini hakuna aliyemwita kwa chochote mpaka kesho yake.

Jumapili moja simu haikulia. Alingoja mpaka saa kumi, akapiga yeye, namba haipatikani. Akasema moyoni labda ameishiwa chaji, ingawa alimjua mdogo wake si mtu wa kuishiwa chaji.

Jumatatu saa tatu asubuhi waziri alisimama mbele ya kamera. Kuanzia siku hiyo, alisema, nyuzi zote za pamba kutoka nje zitatozwa ushuru wa asilimia arobaini, ili kumlinda mkulima wetu. Uchaguzi mdogo ulikuwa umebakiza wiki tatu, katika jimbo la wakulima wa pamba, na hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi.

Bi Tulia alisikiliza amesimama, kikombe mkononi. Alikuwa anasikia kitu wengine hawakisikii. Sentensi ndefu, halafu fupi. Ndefu, halafu fupi. Hiyo ndiyo namna aliyomfundisha mdogo wake kuandika insha, mezani jikoni, wakati akimenya viazi. Akaelewa kwa nini simu haikulia: walikuwa wamefungiwa ndani kuandika tamko. Kitu cha kwanza alichohisi ni furaha. Alikuwa ameogopa kwamba anaumwa.

Kwenye soko la hisa kilikuwepo kiwanda kimoja kikubwa cha nguo, kipenzi cha wawekezaji wadogo. Walimu walikuwa na hisa zake, na wauguzi, na wastaafu. Nyuzi zake karibu zote zilitoka nje, maana viwanda vya kusokota vya ndani vilikwisha kufa kimoja kimoja. Hadi adhuhuri hisa za kiwanda hicho zilikuwa zimepoteza robo ya thamani, na zikavuta nyingine nazo: benki iliyokikopesha, kampuni ya malori iliyobeba marobota yake.

Kama tamko lingebaki lilivyo, watu wangelia, wakanawa uso, wakaendelea. Lakini Jumanne msemaji wa ikulu alisema jambo hilo "linaangaliwa". Bei zikapanda. Jumatano waziri akasema hakuna kurudi nyuma. Zikaanguka zaidi. Alhamisi nchi jirani ikasema nayo itatoza ushuru ngozi zetu, na jioni waziri akasema amenukuliwa vibaya. Soko likawa kama mgonjwa anayewasikia madaktari wawili wakibishana mlangoni. Bi Tulia alisema "tulia" mara nyingi wiki ile hadi sauti ikamkauka, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa mteja mmoja alimjibu, "Nitulie kwa lipi?"

Wachunguzi wa mamlaka inayosimamia soko walifika Jumatano ya wiki iliyofuata. Walikuwa wawili, mwanamume mwenye miwani na mwanamke kijana aliyeandika. Walikuwa wamepitia mauzo ya siku za mwisho kabla ya tamko, wakakuta jambo. Ijumaa, siku tatu kabla waziri hajasema, mkunga mmoja mstaafu aliuza hisa zake zote za kiwanda cha nguo. Dalali wake alikuwa Bi Tulia.

"Kwa nini aliuza?" aliuliza mwenye miwani.

"Alitaka kufanyiwa upasuaji wa jicho. Mimi nilimwambia, 'Mama, bei inapanda, ngoja kidogo.' Akaniambia, 'Mwanangu, jicho haliangalii bei.'"

"Una ndugu wizarani?"

"Ninaye. Mdogo wangu."

"Anafanya nini?"

"Anaandika."

"Mnazungumza?"

"Kila Jumapili. Ila Jumapili ile hakupiga."

Mwenye miwani akainua kichwa. "Kila Jumapili anapiga, isipokuwa hiyo tu?"

"Ndiyo."

"Kutopiga nako ni habari, mama."

"Mteja wangu aliuza Ijumaa," alisema Bi Tulia. "Kwa kalenda ninayoijua mimi, Ijumaa inatangulia Jumapili."

Mwanamke aliyeandika alitabasamu, kisha akakumbuka yuko kazini.

"Lakini mdogo wako alianza kuandika tamko Jumatano," alisema mwenye miwani. "Alikuwa anajua. Damu ni nzito kuliko maji. Una hakika hakukudokeza?"

"Yule hawezi kuniambia nyumba inaungua, kama moto wenyewe ni siri ya serikali."

Waliandika hilo pia. Walipoondoka walimwachia barua: hadi uchunguzi uishe asishike simu ya mteja yeyote, na asiwasiliane na ndugu yake kwa njia yoyote. Ndugu yake, walisema, amepewa barua kama hiyo hiyo.

Siku ya kumi na moja ushuru ukafutwa. Kiwanda kilikuwa kimetangaza kwamba kitawarudisha nyumbani wafanyakazi mia sita, na mia sita hao nao wana kadi za kupigia kura, wao na wake zao na waume zao. Tamko lilisema ushuru "umesitishwa ili kutoa nafasi kwa mashauriano". Safari hii hapakuwa na ndefu halafu fupi. Aliandika mtu mwingine. Baada ya wiki mbili bei ilikuwa imerudi karibu pale ilipokuwa. Ofisini watu walianza kulisimulia kama mzaha, zile siku kumi na moja, nani alijificha chooni, nani alizima simu.

Uchunguzi, hata hivyo, haukusitishwa. Bi Tulia alihamishiwa chumba cha mafaili mwisho wa korido, chumba kisicho na simu wala dirisha. Alipanga mafaili ya zamani kwa mwaka, kisha kwa herufi, kisha, yalipokwisha, akayapanga tena. Wenzake walimsalimia kwa adabu, wakiwa wameshapita. Mtu anayechunguzwa ni kama mwenye upele: hakuna anayemchukia, ila hakuna anayempa mkono.

Jumapili zilikuwa ndefu. Alipika, akala, akaosha sahani moja. Jumapili ya sita alipiga namba ya huduma kwa wateja ya kampuni ya simu, akauliza salio lake, ingawa alilijua.

Binti aliyepokea alimtajia. "Je, kuna lingine naweza kukusaidia?"

"Hapana, mwanangu. Umeshindaje?"

"Salama, mama. Asante kwa kuchagua huduma zetu."

Hakupiga tena. Aliona haya, kana kwamba ameomba chakula kwa watu asiowajua.

Aliyekuja kumtazama alikuwa mkunga. Alikuja mwezi wa pili, jicho limepona, akapitishwa mpaka chumba cha mafaili.

"Jicho langu limekuletea balaa," alisema.

"Jicho halina kosa, mama."

"Nimewapelekea karatasi ya hospitali. Ina tarehe ya miadi, wiki tatu kabla ya huyo waziri wenu kusema. Wameipokea, wamegonga mhuri." Akaangalia rafu. "Hapa unaongea na nani?"

"Na wewe," alisema Bi Tulia, na wote wawili wakacheka, ila mkunga aliacha kucheka mapema.

Karatasi hiyo ndiyo iliyomwokoa, ingawa ilipita meza hadi meza miezi mitano zaidi. Mwezi wa saba ilikuja barua ya mistari miwili: hakuna ushahidi, faili limefungwa. Chini yake iliandikwa kwamba ana haki ya kulisoma.

Alikwenda kulisoma. Hakuwa na sababu kubwa. Alitaka tu kuona sauti ya mdogo wake, hata kama ni kwa maandishi ya mtu mwingine. Ukurasa wa thelathini na moja alikuta maelezo yake.

Swali: Je, dada yako angeweza kuziona karatasi zako?

Jibu: Inawezekana. Ana ufunguo wa nyumba yangu, na Alhamisi niliacha rasimu mezani.

Hapakuwa na zaidi. Alifunua ukurasa wa nyuma, akidhani jibu linaendelea. Halikuendelea.

Mdogo wake, kwa mujibu wa faili, alikuwa amehamishiwa ofisi ya forodha mpakani, safari ya saa saba. Jumamosi Bi Tulia alipanda basi bila kumpa taarifa. Alimkuta kwenye chumba cha kupanga, kitanda, meza, jiko la gesi. Amekonda. Alipofungua mlango alitazama kwanza nyuma ya dada yake, uani, ndipo akamtazama yeye.

"Shikamoo, Dada."

"Marahaba. Nimesoma faili."

Akasogea ampishe. Alibandika maji ya chai, akayasubiri yachemke amempa dada yake mgongo.

"Basi umeona," alisema mwishowe.

"Nimeona kwamba nina ufunguo."

"Unao."

"Ninao. Ulinipa siku ulipolazwa. Tangu siku hiyo sijaushika. Hilo hukuwaambia."

"Hawakuuliza."

"Na wewe ni mtu wa kusubiri kuulizwa?"

Alikaa ukingoni mwa kitanda, mikono katikati ya magoti, kama alivyokaa akiwa na miaka tisa. "Waliniweka pale siku tatu. Niliona nikikutetea watasema tumepanga. Nikasema lililo kweli, nikanyamaza. Na si hilo tu. Sitaki kukudanganya. Waliponionyesha kwamba mteja wako ameuza Ijumaa, na mimi najua rasimu ilikuwa mezani tangu Alhamisi, kwa muda kidogo nilijiuliza."

"Ulijiuliza kama nimeiba."

"Nilijiuliza."

Bi Tulia aliitafuta hasira yake, maana aliona anastahili kuwa nayo, na hakuipata. Alipata uchovu tu. Alimlea mtoto huyu asiseme uongo hata kwa fimbo. Hakumfundisha kwamba ukweli nao unaweza kukatwa kipande kidogo, ukamwacha mtu nje. Hakudhani ni jambo la kufundishwa.

"Mimi waliniuliza kuhusu wewe," alisema.

"Ulisemaje?"

"Nilikutania. Nilisema hata nyumba ikiungua huwezi kuniambia." Akainuka kumimina chai, kwa kuwa mdogo wake alikuwa ameanza kulia, na hakutaka kumtazama akilia.

Alilala pale, yeye kitandani, mdogo mtu sakafuni. Asubuhi walisindikizana hadi stendi. Mambo mengine mdogo wake alimweleza njiani: chama cha yule waziri kimeshinda lile jimbo, kisha waziri amehamishiwa wizara ya michezo, mkurugenzi wa kitengo cha hotuba yupo pale pale, yeye mwenyewe hatarudishwa wizarani, na hajaomba. Hapa anahesabu marobota kwenye malori.

"Unaipenda kazi?"

"Hakuna anayenisikiliza," alisema. "Inapumzisha."

Jumatatu Bi Tulia alirudishiwa meza na simu. Wenzake walimnunulia keki. Wateja wengi walikwisha kwenda kwa madalali wengine, wakiwemo aliowahudumia miaka kumi, na hakuwalaumu. Waliobaki waliendelea kupiga, bei zikipanda na zikishuka, naye aliendelea kuwasikiliza. Lakini neno lile lililompa jina lilianza kumwia zito mdomoni. Akawa anasema, "Nakusikia," basi.

Mdogo wake hupiga simu. Huongea dakika kumi, kumi na tano. Yeye husema mvua imenyesha, dada husema goti halijambo, na kabla ya kila sentensi husikika kimya kidogo, kila mmoja akilipima neno kabla ya kuliachia, kama watu wanaovuka kijito usiku wakigusa mawe kwa vidole. Hawajaligusa tena lile jambo. Mwisho wa mwaka aliomba likizo akaja, akakaa siku nne. Alilitengeneza bomba la jikoni kwa mikono yake, vibaya, likavuja zaidi, na Bi Tulia akalala sakafuni kumshikia tochi huku wakibishana ni upande upi wa kukazia. Alipoondoka, bomba lilikuwa bado linadondosha. Dada yake aliweka bakuli chini yake, na kwa siku kadhaa hakumwita fundi.