Mishono Inayotazama Nje

…hapa chuma kimezidi, anasema bosi, amesimama mbele ya skrini kubwa ya ukutani na kidole chake kimetua juu ya tumbo la shujaa wangu wa kike, huyu niliyemchora wiki nzima kwa ajili ya gemu letu jipya la vita vya Ulaya ya kale, mpunguzie hapa katikati, tumbo lionekane kidogo, mchezaji akifika pale pa kuchagua mhusika macho yaanze kwa huyu, nami naitikia kwa kichwa kama mjusi ukutani, ninaitikia tu, maana akili yangu haimo humu, iko hospitali, kwenye benchi la nje ya chumba cha upasuaji ambako mama amekaa na mkoba wake mapajani, mdogo wangu wamemwingiza asubuhi, wanamnyoosha uti wa mgongo, na simu nimeilaza kifudifudi mezani kwa sababu nikiitazama tena watu watanigundua, humu hakuna anayejua, waliponiuliza habari za asubuhi nikasema nzuri, nzuri tu, nikavuta kiti nikakaa… tumbo lionekane, lakini mkuki unaingilia hapo hapo, wale watu wa Ulaya ya kale hawakuwa wajinga, walifunika kifua na tumbo kwanza, mengine baadaye, hata asiye na uwezo wa kununua chuma alivaa koti nene la kitani, tabaka juu ya tabaka, limeshonwa mistari mistari kama godoro, nimeyatazama makoti hayo kwenye picha za makumbusho mpaka macho yakaniwasha, nikagundua jambo lililonichekesha, kwamba wafua chuma waliwaiga mafundi cherehani, wakubwa wakianza kuvaa makoti ya kiuno chembamba na deraya zao za chuma nazo zinabanwa kiuno, vijana wakipenda viatu vya ncha ndefu na viatu vya chuma navyo vinachongoka, yaani mtu anakwenda kuuawa na bado anataka apendeze, kwa hiyo labda bosi naye ana lake, labda urembo na woga wamelala kitanda kimoja tangu zamani, sina nguvu za kubishana, akitaka tumbo nitampa tumbo… na hii, anasema jamaa aliye kulia kwangu, yule anayetuandikia hadithi za gemu, tunamwita Miwani, hii mishono ya koti la ndani mbona inatazama nje, umepitiwa au ndivyo walivyovaa, nami najibu ndivyo, wengine ndivyo, na sijui hata kama ni kweli, sikuiona kwenye picha yoyote, mkono umechora wenyewe, maana fulana ya mdogo wangu ndivyo nilivyomvalisha, ndani nje, mshono usimwume, ukimwacha na mshono chini ya ile plastiki jioni unakuta ngozi imechubuka na yeye hasemi… alikuwa darasa la tatu walipomfungia kizibao cha plastiki cha kunyoosha mgongo, kigumu kama ndoo, kutoka kwapani mpaka nyongani, na mikanda yake iko mgongoni ambako mkono wake haufiki, mama alikuwa anatoka alfajiri kwenda kiwanda cha mikate, basi kufunga ikawa kazi yangu, yeye anashika chuma cha kitanda, mimi navuta, usikaze sana, Kaka, namwambia daktari amesema mpaka kwenye alama, anasema basi kaza, nami nakaza, nasikia pumzi yake inakatika kama mtu aliyeingia maji baridi, shuleni walimwita Ndoo, hilo jina lilifika nyumbani kabla yake, na kesho yake asubuhi ndipo nilipoanza, nikamwambia wewe si Ndoo, wewe ni shujaa wa farasi, hii ni deraya, mashujaa wote wanafungwa mikanda na mtu mwingine, nje ya geti la shule kuna joka na linakuogopa, akainuka, akanguruma, akaenda, nami nikamchora nyuma ya daftari la hesabu, yeye na kofia ya chuma, joka linakimbia na mkia katikati ya miguu, na tangu hapo sijaacha kuchora watu wa chuma, ndicho kinachonilisha, na miaka yote nimejipiga kifua kimoyomoyo kwamba yule mtoto nilimpa moyo mimi… unaonaje, anauliza bosi, kidole bado kipo tumboni, nasema sawa, tunaweza kujaribu, anasema sikukosoi, kazi yako ni nzuri, tatizo watu wako wamefungwa mno, hata uso hatuuoni, kila mmoja amefunika kofia mpaka kidevuni, mteja atampendaje mtu asiyemwona, na Miwani anacheka, anasema labda hajui kuchora pua, nacheka pia, najisikia nikicheka… jana, saa ya kuona wagonjwa, mdogo wangu amelala ubavu, mtu mzima sasa, mwalimu, ana watoto wa watu wanaomwamkia njiani, nikataka kuleta utani wa kale, nikamwambia haya shujaa, kesho joka linakwisha, akasema, Kaka, unajua sikuwahi kuamini, nikasema kuamini nini, hiyo habari ya deraya, nilijua ni plastiki, mtoto wa darasa la tatu atakosaje kujua plastiki, wewe ndiye ulikuwa unalia, unafunga huku unalia, machozi yananidondokea shingoni, nikasema moyoni ngoja nimkubalie tu Kaka huu ushujaa wake, anyamaze, tusichelewe shule, akacheka, ikamuuma, akaacha kucheka, nami nikasema sikulia, akasema haya, hukulia, akafumba macho, muuguzi akaja kututoa, na asubuhi nilipompigia nikamwambia nakuja, akasema nenda kazini, ukija hapa utawachosha madaktari bure, nikaja kazini kweli, kama kondoo… kwa hiyo alikuwa anabeba viwili, kizibao na mimi, kila asubuhi anavuta pumzi iliyobaki anangurumia joka ambalo halipo ili kaka mtu afute macho, halafu anatoka nje anaitwa Ndoo, anarudi, hasemi, na mimi mkubwa nimekaa pembeni nachora ushujaa, na nilikuwa nalia, ndiyo, nakumbuka sasa vidole vikiteleza kwenye ule mkanda, nilijua wakati ule na nilijua jana, sikulia, mwanamume mzima na mvi kidevuni nimemjibu hivyo mgonjwa anayesubiri kupasuliwa, na hilo ndilo neno nililomwachia aingie nalo, maana maneno ya asubuhi kwenye simu yalikuwa ya njiani tu, umelala vipi, umepewa dawa, nikamwachia uongo, na kama… hapana, atatoka, wanafanya kila siku, mama angepiga… mnasikia, anasema bosi, naomba tuamue hili leo, na sauti yake imechoka pia, ana wakubwa wake wanaomsimamia kichwani, simchukii, naona mdomo wake unatembea, na mkono wangu umeshafika kwenye simu, nimeigeuza mbele ya macho ya wote, hakuna ujumbe, hakuna kitu, Miwani ananitazama, ananong'ona vipi, uko salama, nami neno nzuri limeshafika mdomoni kama kawaida yake, nalimeza, namwambia mdogo wangu anapasuliwa mgongo sasa hivi, naogopa, na Miwani anavua miwani yake anaiweka mezani, na bosi bado anaeleza habari za kiuno, naandika, vidole vinakosea herufi, nafuta, naandika tena, mama, akifumbua macho tu, kabla hata ya kumpa maji, mwambie Kaka anasema ni kweli alilia.