Namna ya Kumzuia Dada Asiende Kupro

Siku hiyo mjinga nilikuwa mimi, na nalisema mapema ili msihangaike kumtafuta mwingine.

Baqir, mtoto wa dada yangu, alinipigia simu Ijumaa nikiwa kazini, kwenye ghala la Brampton, huku ughaibuni kwenye baridi, ninakopanga maboksi na vijana wanaoniita babu. Kwa kawaida Baqir hanipigii simu. Sikukuu ya Idi hunitumia picha ya ua, basi, tutaonana mwakani. Nilipoliona jina lake nikajua kuna aliyekufa.

"Mjomba, Mama amekata tiketi. Kupro. Anaondoka Alhamisi, peke yake!"

"Mashallah."

"Mashallah nini, Mjomba! Ana miaka sabini na mmoja. Mwaka jana alianguka akavunjika mkono. Wewe si uliishi kule? Njoo Jumapili nyumbani kwake umwambie kulivyo. Yale mabaya tu. Wewe atakusikiliza."

Maneno hayo mawili ya mwisho ndiyo yaliyoniponza. Katika ukoo wetu mimi ni yule anayeitwa kochi linapohamishwa. Baqir ana ofisi yenye jina lake mlangoni. Mimi nina viatu vyenye chuma puani. Mtu kama mimi akiombwa ushauri huvimba kama andazi kwenye mafuta. Nikamwambia, niachie mimi.

Jumapili nikafika Malvern kwa dada, ghorofa ya tisa, theluji imenijaa kofiani. Baqir alikuwa ameshaketi kwenye kochi na mkewe Zahraa. Mimi nikajitupa kwenye kiti cha dirishani. Dada Zeenat akatoka jikoni na katlesi za moto, akarudi, akaja na chatne ya nazi, akarudi, akaja na chai.

"Jaffer, umekonda," akaniambia. "Kula. Najua umeitwa kunitisha, lakini hutatisha mtu na njaa."

Zahraa akacheka. Baqir akakohoa. Mimi nikameza katlesi, nikakaza sauti kama msoma tanzia.

"Dada, Kupro si mahali pa kwenda."

"Kwa nini?"

"Magari yanapita kushoto."

"Kama Tanga."

"Jua lake linaunguza."

"Mwezi wa pili?"

"Mwezi wa pili..." Nikajikuna. "Mwezi wa pili ni kajoto tu. Milozi inachanua, milima yote myeupe, utadhani—"

Baqir akanikanyaga mguu. Nashukuru viatu vyangu.

"Lakini kahawa yao!" nikajitetea. "Kikombe cha mwanasesere, nusu yake machicha. Ukiinywa mpaka chini unatafuna mchanga. Inatakiwa uinywe polepole, glasi ya maji baridi pembeni, ukae pale Larnaka kwenye ile njia ya mitende, uso baharini, asubuhi kabla watalii hawajaamka..."

Nilipofumbua macho, maana nilikuwa nimeyafumba, dada alikuwa ameshika kalamu. Alikuwa anaandika nyuma ya bahasha.

"Mitende," akasema. "Asubuhi. Haya, endelea kunitisha."

"Chakula, Mjomba," Baqir akasema akiuma meno. "Mwambie habari ya chakula."

Nikamwelewa. Sisi katika madhehebu yetu kiumbe wa baharini asiye na magamba hatumgusi, isipokuwa kamba. Hapo nilikuwa na silaha.

"Dada, wale wanakula pweza! Ngisi! Mvua ikinyesha wanaokota konokono, wanawala. Na nguruwe anajificha hata kwenye kunde. Utakufa njaa."

"Samaki wenye magamba hawana?"

"Wanao." Mungu ananiona, nilijaribu kunyamaza. "Wako wadogo, wekundu, wanakaangwa wazima. Unakamua limau, unamshika mkia, unamaliza mpaka kichwa. Na jibini lao wanalichoma juu ya mkaa na haliyeyuki. Ukilitafuna linalia kwii kwii kama kiatu kipya."

"Mama hatajua yupi ana magamba na yupi hana," Baqir akaingilia. "Watampa chochote."

"Baqir, mimi nimeparua samaki kabla baba yako hajalijua jina langu." Akaandika: samaki wekundu, limau. "Jaffer, hili jibini linapatikana wapi?"

"Popote. Ila usiingie mkahawa wenye picha za chakula mlangoni."

"Mjomba!"

"Nini? Si namwonya?"

Baqir akasimama, akatembea mpaka dirishani, akarudi. Ni kijana mzuri, tusimwonee. Mama yake alipovunjika mkono yeye ndiye aliyelala hospitali kwenye kiti siku mbili. Hofu yake ilikuwa ya kweli, na iliposhindwa kupita mlangoni ikatafuta dirisha.

"Na akianguka?" akauliza. "Kule nani atamwokota?"

Hapo ndipo ujinga wangu ulipokomaa.

"Kuanguka!" nikasema. "Vizuri umenikumbusha. Dada, nje kidogo ya Larnaka kuna ziwa la chumvi, na kando yake msikiti na kaburi la bibi mmoja wa zamani sana, wa heshima kubwa. Wanasimulia alikuja na safari kutoka ng'ambo, mtu mzima kama wewe, nyumbu aliyempanda akamwangusha, akafa pale pale."

"Umesikia, Mama? Umesikia?"

"Tangu zama hizo watu wanakwenda kumsalimia," nikaendelea, mdomo umeshakatika breki. "Sasa wewe ukianguka hapa Malvern, nani atakujengea msikiti? Na ziwa lenyewe wakati wa baridi linajaa heroe, wale ndege wa waridi wenye miguu kama fito. Maelfu. Wanasimama majini hawana haraka na mtu."

Zahraa alikuwa ameficha uso kwenye kikombe, mabega yanamtikisika. Dada akaandika: bibi, ziwa, ndege. Akaiweka kalamu chini.

"Mimi nilianguka hapo chini, mlangoni," akasema. "Kwenye barafu, nakuja kwako Baqir na sufuria ya pilau. Sikuanguka Kupro."

"Mama, Jumamosi watu sitini wanakuja kwangu!" Lilimtoka kama kizibo. "Karamu ya niyazi, dua ya kwanza kwenye nyumba mpya. Nimeshaalika. Nani atapika?"

Zahraa akaweka kikombe chini.

"Nilikwambia kuna mama anapika kwa oda, kule kule kwetu Brampton," Zahraa akasema taratibu.

"Haitakuwa kama ya Mama."

"Hiyo unamsifu au unamfunga?"

Mimi, kwa kukosa pa kutazama, nikatazama jikoni, na jamani, nikaona kitu ambacho nilipaswa kukiona miaka mingi nyuma. Juu ya mfuniko wa sufuria, kando ya jiko, palikuwa na katlesi moja iliyovunjika, imeng'atwa mara mbili. Hiyo ndiyo sahani yake. Tangu nimeingia dada alikuwa wima. Chumba kizima kilikuwa na kochi moja na kiti kimoja, na kwenye kile kiti nilikuwa nimepanda mimi, mshauri wa ukoo.

Nikainuka kama nimekalia sindano. "Dada, kaa."

"Kaa wewe, Jaffer. Mimi nitakaa Alhamisi, ndegeni, usiku kucha, na mtu ataniletea chakula kwenye trei."

Baqir akanigeukia. Mtu akishindwa na mama yake humrukia mjomba. "Ulisema utamwambia ukweli! Hivi kule ulikuwa unafanya nini hasa?"

Sikuwahi kuwaambia. Kabla sijatunga la kusema, dada alikuwa ameingiza mkono nyuma ya saa ya ukutani akatoa kadi ya posta, imekwisha rangi, ya Larnaka na mitende yake. Mwandiko wangu, wa miaka arobaini iliyopita. Akausoma kwa sauti:

"Dada mpenzi, hapa nakula kama sultani. Bahari mbele, meza imejaa. Siku moja lazima uje uketi hapa. Tafadhali nitumie soksi."

Zahraa akashindwa, akacheka mpaka chai ikamwagika.

"Nilikuwa naosha vyombo," nikasema. "Limassol, kwa mzee Stavros, karibu na bandari. Miaka miwili. Nilikula yaliyobaki, nimesimama kwenye karo. Ile meza iliyojaa niliiona kupitia tundu la kupitishia sahani. Nilidanganya, dada. Nisamehe."

"Nilijua," akasema. "Sultani gani anaomba soksi? Lakini hiyo meza uliiona au hukuiona?"

"Niliiona."

"Basi niambie."

Mnisamehe na ninyi, lakini hapo nilimsahau Baqir, nikasahau kilichonileta. Nilimwambia kama mtu anayetoa ushahidi.

"Dada, mwosha vyombo ndiye anayejua chakula. Mpishi atajisifu, mhudumu atakudanganya, lakini sahani hairudi na uongo. Ikirudi imepanguswa kwa mkate, hicho ndicho cha kuagiza. Kule kwa Stavros zilizorudi zinang'aa zilikuwa za meze. Meze huchagui. Unaketi tu. Wanakuletea zeituni, halafu ufuta wa kusaga, halafu saladi, jibini, samaki, kingine, kingine, sahani ishirini, moja baada ya nyingine, na kila ukidhani wamemaliza wanakuja tena. Kazi yako ni moja tu, kukaa. Waambie mapema huli nyama yao wala pweza, watakufanyia ya samaki na mboga. Saa tatu nzima, na hakuna atakayekuuliza chumvi iko wapi."

Dada aliandika neno moja tu, meze, akalipigia mstari.

Baqir hakuwa amelala. Alikuwa na simu mkononi, kidole kinapanda na kushuka, na ghafla uso ukamwangaza.

"Haya, sikilizeni. Natazama mikahawa ya Limassol hapa. Huu: meze, kuanzia watu wawili. Huu wa pili: watu wawili. Wa tatu, watu wawili. Ni kweli au si kweli, Mjomba?"

Ilikuwa kweli, nilikuwa nimesahau. Kwa Stavros mtu aliyekuja peke yake alipewa supu na pole. Nikatikisa kichwa kukubali, na moyo ukashuka mpaka kwenye vile vyuma vya viatu.

"Umeona, Mama?" Baqir akasema, sasa kwa upole, upole wa mtu aliyeshinda. "Mimi sikatazi. Wenyewe kule hawataki mtu aje peke yake. Meza ni ya wawili. Utawaambia nini?"

Dada Zeenat akaikunja bahasha mara mbili, akaitia kwenye pasipoti yake.

"Nitawaambia walete ya wawili," akasema. "Tangu nilipoolewa, miaka arobaini na saba, nimekula nusu sahani, wima, jikoni. Ile nusu nyingine naifuata huko."