Gigabaiti Ishirini na Tano

Diski ilikataa kusogea. Fredi aliitaka iachie gigabaiti ishirini na tano, yenyewe ikatoa kumi na moja tu na kumchorea utepe mwembamba mweusi chini ya kioo. Aliguna. Miaka yote aliyotengeneza kompyuta za watu pale Musoma mjini, hakuwahi kuona aibu inayomuuma fundi kama kushindwa na kifaa cha nyumbani kwake.

Laptopu yenyewe ilikuwa ya mkewe, Matrida, mwalimu. Ya Fredi ilikwisha kufa zamani, vipuri vyake vikaishia kwenye mashine za wateja. Lakini ofisi moja ya Bunda ilikuwa imemwita kwenye usaili Jumatatu, na kila mwombaji alitakiwa kufika na kompyuta yenye mifumo miwili, Windows na Ubuntu, ikikaa pamoja bila kugombana. Ilikuwa kazi ya kudumu, na Fredi alikuwa amechoka kuitwa fundi na watu wanaompa kazi kwa huruma.

Akaanza na yale yanayojulikana. Akafuta mafaili ya muda, akazima lile faili kubwa ambalo mashine hulitumia kulalia, akaondoa kumbukumbu za urejeshaji. Nafasi ikapanda mpaka kumi na tisa, ikagoma hapo. Ndipo macho yake yalipotua kwenye folda mbili, moja imeandikwa Mama na nyingine Mama 2.

Alijua zilikotoka. Miezi michache kabla ya kifo chake, mama mkwe wake, Bibi Nyamburi wa Butiama, alirekodiwa na binti yake kila mwisho wa wiki. Simu ya Matrida ilikuwa na nafasi ndogo. Ikijaa, alihamishia video kwenye laptopu, akaifuta simu, nayo ikaanza kuhesabu majina ya video upya toka moja. Hilo la kuhesabu upya Fredi hakulifikiria. Aliona video kumi na nne huku na kumi na nne kule, majina yaleyale, uzito unakaribiana, akajisemea kwamba mwanamke huyu amenakili mara mbili. Wateja wake walifanya hivyo kila siku.

Fundi makini angefungua video moja moja alinganishe. Naye alifungua moja, ya folda ya kwanza. Kioo kikajaa mama mkwe, kichwa wazi, ameketi kitandani na miguu ameinyoosha, kanga imemshuka begani. Fredi akaifunga upesi, akageuka kutazama mlango. Katika miaka kumi na mmoja ya ndoa hakuwahi kuketi chumba kimoja na mama yule. Akifika Butiama, mama aliingia ndani na salamu zikapitia ukutani. Wakikaribia kukutana njiani, mmoja wao alichepukia migombani. Hiyo ndiyo heshima waliyolelewa nayo, na Fredi aliishika kuliko alivyoishika Kwaresima. Leo aketi amkodolee macho marehemu akiwa kichwa wazi? Angeweza kumpigia Matrida, aliyekuwa kwenye semina Murangi, lakini angemwambiaje kwamba amemfungulia mama yake chumbani? Akahesabu majina tena, akaridhika. Akaifuta Mama 2 moja kwa moja, bila kuipitisha kwenye pipa la taka, maana na pipa hula nafasi.

Ubuntu ikaingia bila kinyongo. Jumatatu huko Bunda wenzake wawili walikwama mbele ya wasaili. Yeye akaambiwa aanze kazi mwezi ujao. Alirudi nyumbani Makoko na sato wawili wakubwa mkononi, anapiga mluzi.

Alimkuta Matrida mezani, laptopu wazi mbele yake. Jumamosi ukoo ungekutana Butiama kuanua matanga, na alikuwa anaandaa maneno ya mama yake.

"Baba Pelagia, folda ya pili ya mama iko wapi?"

Akamweleza habari ya nakala. Matrida hakupandisha sauti. Alimwambia haikuwa nakala. Folda ya kwanza ilikuwa ya hadithi na utani. Ya pili ni ya wiki za mwisho, mama alipokwisha kujijua kuwa anaondoka, na kila mtu wake alimwachia neno.

Fredi akaacha samaki pale pale sakafuni, akaleta programu zake zote za kufufua mafaili. Kila siku huwaonya wateja wasiandike chochote juu ya kilichofutwa. Yeye alikuwa ameandika mfumo mzima. Jioni ilipoingia alikuwa amepata majina sita, na ndani ya hayo majina hamna kitu. Alijichukia, akaichukia na ile kazi ya Bunda.

"Hata moja hukuisikiliza?" Matrida akauliza.

"Ningeanzaje? Mama mkwe yule."

Matrida akamgeukia. "Ya kwanza kwenye hiyo ya pili ilikuwa yako," akasema. "Alikuwaga anasema, mkwe wangu nimeongea naye kwa ukuta miaka yote, siwezi kufa sijamwambia yangu. Nikaegesha simu dirishani, akanitoa nje. Akasema nikupe tukishaanua matanga."

"Alisema nini?"

"Si nimekwambia nilikuwa nje."

Lilibaki swali moja tu ambalo mkewe angeweza kulijibu. "Yalikuwa mengi?"

Matrida akafunga laptopu taratibu. "Nilipepeta ulezi debe zima," akasema, "nikamaliza, nikakaa kumsubiri."