Ruhusa ya Jirani

Habari hii nilipewa na Swabaha, mke wa Uwesu fundi bati, masika ya mwaka juzi, tukichambua mchele wa arobaini ya mumewe. Siku yenyewe alikuwamo jikoni, anapakua. Hakuhadithiwa.

Miaka ile ya ruksa, maduka ya Arusha yalipojaa bidhaa, Zakia alikuwa na mabati mapya yameegemea ukuta wa uani, na paa bado linavuja. Nyumba yake ilikuwa katika safu ya zile za tangu Mjerumani. Manispaa ilikwisha kusema: hakuna kugusa paa wala ukuta bila kibali, na kibali hakitoki mpaka jirani mnayechangia naye ukuta atie sahihi. Jirani huyo ni Mzee Luqman, mwenye duka la vitenge.

"Njoo kesho, mwanangu," ndilo lilikuwa jibu lake. Kesho ikazaa kesho. Alitaka nyumba ioze, Zakia achoke, amuuzie.

Binti wa Zakia, Zuleha, alipokaribia kujifungua mimba ya kwanza, chumba alichoandaliwa kikawa kidimbwi. Wakwe wakamchukua kwao Maji ya Chai. Mjukuu akazaliwa kwa watu, arobaini ikatimia kwa watu, na bibi mtu akawa anakwenda kumwona kwa basi kama mgeni. Zakia hakulia. Alilimeza, likakaa.

Basi Luqman naye akataka ghorofa. Sasa sahihi ya Zakia ndiyo ikatakiwa. Akaja na Mzee Athumani na mzee mwingine wa msikitini, mvua imeshuka kutoka Meru, inapiga kweli kweli.

"Shikamooni, wazee wangu. Karibuni chakula. Mzee Luqman, kaa hapa, kiti cha mkubwa."

Kiti kile kilikuwa chini ya tundu la paa. Tone la kwanza likamwangukia kofiani, la pili shingoni. Mgeni hahamishi kiti alichopewa, tena mbele ya wazee. Akakaa, pilau yake inageuka uji. Jikoni Swabaha aliuma kanga asicheke.

"Mama Zuleha, mbona unamwogesha mwenzetu?" Mzee Athumani akauliza.

"Si mimi, baba. Mabati ninayo, ruhusa sina. Muulizeni mwenye nayo."

Wazee wakageuka. "Hee, Luqman! Umekuja kuomba ulichomnyima mwenzio? Haya, tia sahihi."

"Na yeye je?"

"Wewe ndiye mkubwa. Tangulia."

Akaletewa karatasi ya kibali cha Zakia, akatia, maji yanamchuruzika ndevuni. Zakia akaifuta karatasi kwa upindo wa kanga, akaikunja, akaitia kifuani.

"Na yangu?" Luqman akauliza.

"Yako, mzee wangu? Njoo kesho."

"Zakia, samehe," Mzee Athumani akasema taratibu.

"Nitasamehe, baba. Mtoto yule arudi tumboni, aje azaliwe hapa, nitasamehe leo hii."

Wageni wakanawa mikono, wakaondoka.

Kibali kikatoka, Uwesu akapigilia mabati. Luqman alikuja kesho, akaja kesho kutwa, saruji yake ikaganda ndani ya mifuko. Siku moja mchana ikaja mvua ya mawe. Zakia akajinyoosha kitandani, pakavu, anasikiliza.

"Hodi! Mama Zuleha, hodi!"

Sauti aliijua. Akaiacha ibishe mara ya pili, na ya tatu, akavuta kanga usoni, akalala.