Mpangaji wa Baba

Baba yangu ni kinyozi, na kazi ya kinyozi nusu yake ni mdomo. Mteja akishakaa kitini, baba huanza kumpa habari za dunia, na kabla nywele hazijadondoka sakafuni ameshatia chumvi ya kutosha chungu kizima. Huko kibandani kwake maneno hayo hayana madhara. Watu hucheka, hujipangusa shingo, huenda zao. Balaa lilianza siku alipoyaleta nyumbani.

Tunakaa nyumba ya kupanga, upande wa mbele. Upande wa nyuma, ng'ambo ya ua, anakaa mwenye nyumba mwenyewe, mzee aliyestaafu kiwanda cha sabuni, na mtaa mzima unamwita Bwana Kesho. Jina alijitafutia. Ukimwambia bomba limeziba, kesho. Ukimwambia kitasa kimekufa, kesho. Paa la sebuleni kwetu limevuja mvua hadi mvua, na muda wote huo limekuwa la kuzibwa kesho. Baba alimshtaki ofisi ya mtaa, naye akajibu kwa kumwambia baba ahame. Baba akasema hahami mtu hapa. Tangu siku hiyo wakawa wanapishana uani kama majogoo, kila mmoja akitazama upande wake, na wakiwa na la kuambiana wanampa mama apeleke.

Mimi napiga pasi kwenye chumba cha dobi cha hoteli moja. Huko ndiko nilikompata mchumba wangu, fundi wa majokofu, kijana mpole asiyejua kuuliza swali la pili. Siku moja alikwenda kunyolewa kwa baba, akidhani atamwangalia mkwe wake mtarajiwa bila kujulikana. Baba alimtambua mlangoni. Kabla hajamaliza kunyoa upande mmoja wa kichwa alikuwa ameshajipa nyumba nzima, na nyuma ameweka mpangaji.

"Hukuniambia kama nyumba ni ya kwenu," mchumba wangu aliniambia jioni.

Ningeweza kumsahihisha pale pale. Nilicheka tu, nikabadilisha mazungumzo. Ukweli ni kwamba nililipenda lile neno, kwenu, na kesho yake nilipiga pasi mashuka ya watu kutwa nzima nikilirudia moyoni. Kwa hiyo nisijitie usafi. Uongo aliutunga baba, lakini mimi niliulea.

Mchumba wangu alilelewa na baba yake mkubwa, na alishaniambia waziwazi kwamba bila neno la mzee huyo hakuna ndoa. Siku mzee alipokuja kuleta posa, akiwa na shangazi wa mchumba wangu, mchumba mwenyewe amebaki kwao kama ilivyo desturi, mvua ilikuwa inashuka tangu asubuhi. Mvua ikinyesha, mama huweka beseni sebuleni, mbele ya kabati, tone lipate pa kuangukia. Baba alikwenda akaliondoa. Akasema mwenye nyumba gani anakaribisha wageni na beseni katikati ya sebule? Mama alisogeza kiti chake mpaka mbele ya kabati, akakaa.

Mwanzoni sikumwelewa. Kisha nikaliona tone likiachia dari na kutua begani kwake, likazama kwenye gauni alilolitunza kwa ajili ya siku ile. Likaja la pili. Mama akawatabasamia wageni, akawaambia karibuni sana. Nilikuwa nimesimama na birika mkononi, na sikujua niangalie wapi.

"Nyumba nzuri," baba mkubwa akasema. Alikuwa mzee mrefu, mkavu, asiyetoa maneno ovyo. "Ni yako?"

"Yangu, namshukuru Mungu," baba akajibu, kifua mbele. "Jasho langu hili."

"Mh," mzee akasema.

Baba aliona ile mh ni ndogo mno kwa nyumba nzima, akaongeza tonge. "Na kule nyuma nimeweka mpangaji. Mzee mmoja msumbufu kwelikweli, kila siku ana lalamiko. Lakini nitafanyaje? Namvumilia."

Mungu naye ana utani wake, kwa sababu wakati ule ule Bwana Kesho alikuwa anakatiza uani na gunia kichwani kujikinga mvua. Baba mkubwa akamwona kupitia dirisha.

"Ndiye yule?"

"Ndiye, ila mwache tu mzee, yule ana shughuli zake..."

Baba mkubwa alikuwa ameshasimama dirishani. "Mzee mwenzangu! Hebu njoo huku ndani unywe chai!"

Nikatamani ardhi ipasuke, inimeze na birika langu.

Bwana Kesho aliingia akichuruzika maji, akatutazama mmoja mmoja. Hakuwa amekanyaga sebule yetu tangu ugomvi wa ofisi ya mtaa. Baba mkubwa akampa mkono kwa bashasha ambayo hakumpa baba.

"Nimesikia wewe ndiye mpangaji wa humu. Basi mimi mwenzako. Nimepanga tangu ujana mpaka mvi hizi unazoziona."

Bwana Kesho akamgeukia baba. Sijawahi kumwona baba akimwomba mtu kitu, lakini macho yake siku ile yalikuwa yamepiga magoti. Vidole vyake vilifunguka na kufumba juu ya goti kana kwamba vimeshika mkasi. Bwana Kesho akaelewa. Tabasamu likamtambaa usoni taratibu, akavuta kiti.

"Ndiyo," akasema, "mimi ndiye mpangaji." Kisha akainamisha kichwa kwa adabu. "Shikamoo, baba mwenye nyumba."

Bwana Kesho ni mkubwa kwa baba kwa umri wa kutosha kumzaa. Chumba kizima kilisubiri. Baba akajirekebisha ukosi wa shati.

"Marahaba," akaitikia, na masikio yakamwiva.

"Anakutendeaje huyu?" baba mkubwa akamuuliza mgeni mpya.

Bwana Kesho hakuacha kitu. Alimwaga mashtaka yote ya baba, neno kwa neno, kama yalivyosomwa mbele yake ofisi ya mtaa. Paa linavuja. Godoro limeoza pembe. Ukimwendea anakwambia kesho, na ukimsisitizia anakwambia uhame. Alisema huku akinywa chai ya mama, na kila jambo akimgeukia baba, "Au nasema uongo, baba mwenye nyumba?" Na baba anatikisa kichwa kwamba hapana, si uongo.

Alikuwa anafurahi yule mzee. Angalitazama uso wa baba mkubwa, angalinyamaza mapema.

"Kesho," baba mkubwa akasema. "Mwenye nyumba wangu naye alikuwa na hiyo hiyo. Mke wangu alikohoa kwenye chumba ambacho ukuta wake ulikuwa unaota ukungu, na mimi kila mvua ikinyesha nakwenda kubisha hodi kwa mtu ananiambia kesho. Nilimzika, nikarudi chumba kile kile, paa bado linavuja. Huyu kijana aliyewaletea posa nilimlelea humo."

Bwana Kesho akaweka kikombe chini. Tabasamu lilikuwa limemtoka.

"Ndugu yangu," mzee akamwambia baba akiinuka, "binti yako sina neno naye. Lakini kijana wangu hawezi kumwita baba mtu anayewalaza wenzake kwenye maji. Dada, twende zetu."

Nilimgeukia baba. Sentensi moja tu ingetosha: nyumba si yangu, hata mimi paa linanivujia. Mdomo ule uliowahi kuwasimulia watu safari za nchi ambazo hajafika ulikuwa umeshonwa. Aliogopa kuonekana mwongo kuliko alivyoogopa kuonekana katili, na mimi nilikuwa napoteza mume huku nikiangalia.

Shangazi alikuwa anachukua mkoba wake alipomwona mama. "Mama, mbona bega lote limelowa?"

"Jasho, dada," mama akasema, akitabasamu.

Hapo nilishindwa. Niliweka birika mezani kwa kishindo, nikamshika mama mkono, nikamwinua. Tone likaanguka kwenye kiti chake kitupu, wote wakaliona, na la pili likalifuata.

"Nyumba si yetu," nikasema. "Sisi ndio wapangaji. Mwenye nyumba ni huyu aliyekaa hapa anakunywa chai."

Baba mkubwa akamgeukia Bwana Kesho. "Ni kweli?"

Bwana Kesho alikuwa ameshasikia habari za yule marehemu. Nani angekubali kumiliki paa lile baada ya maneno yale? "Binti amepaniki tu," akasema akiangalia sakafu. "Mimi hapa ni mpangaji."

"Nyumba ni yangu," baba akadakia.

Tangu tuhamie pale, hilo ndilo jambo la kwanza wawili hao kukubaliana.

Mzee alisimama pale akinitazama, na macho yake hayakuwa makali. "Basi humu ndani kuna mwongo," akasema. "Wazee wawili wanasema hivi, wewe peke yako unasema vile. Nitazame, mwanangu. Baba yako ni mwongo?"

Baba alikuwa ananiangalia. Alitikisa kichwa kidogo sana, kiasi cha kuonekana na mimi tu. Niliona nywele za wateja zilizong'ang'ania ukosi wa shati lake jeupe, maana siku ile pia alipitia kazini. Nilijua nikisema hapana ndoa imekwisha, na mimi ndiye nitakayebaki mwongo. Nilijua pia nikisema ndiyo nitakuwa nimesema nini, na mbele ya nani.

"Ndiyo," nikasema. "Baba yangu ni mwongo."

Bwana Kesho akainuka kimyakimya, akachukua gunia lake, akatoka bila kuaga. Baba mkubwa akamsindikiza kwa macho mpaka uani, kisha akarudi kitini taratibu. Sauti aliyomgeuzia baba ilikuwa nyingine kabisa, sauti ya mtu na ndugu yake.

"Ungeniambia tu kwamba umepanga, ningekukumbatia mlangoni. Kwa nini, ndugu yangu?"

Baba aliangalia mikono yake. Alipojibu, hakupamba neno hata moja.

"Nilitaka aolewe akitokea kwao."

Posa ilipokelewa siku ile ile. Shangazi alinishika mashavu, baba mkubwa akasema amepata binti mkweli, na mama akaenda kubadilisha gauni. Nikawamiminia wageni chai upya. Nilipomfikia baba, alikipokea kikombe kwa mikono miwili, akasema ahsante kwa adabu sana, kama anavyowaambia wateja asiowajua.