Siku za Fimbo, Siku za Kicheko

Mihogo mitatu haikuwepo. Asubuhi ile nilikuwa nimemenya ishirini na mitatu, nikaipanga kwenye beseni, nikaenda kwa jirani kuazima ndoo ili niipeleke kijitoni kuiloweka. Niliporudi nikakuta ishirini. Nikahesabu tena, safari hii kwa kuigusa mmoja mmoja. Kando ya beseni palikuwa na alama za nyayo ndogo, na hapo nyumbani kwetu, Kumsenga, mwenye nyayo zile alikuwa Nadine tu, mwanangu wa miaka sita.

Asiyeujua muhogo mchungu ataniona mwoga. Ukilala majini siku nne, kisha ukaanikwa ukakauka, unatoa unga mweupe ambao mwaka ule wa tisini na sita, makambi ya wakimbizi yalipojaa, ulinunuliwa kabla sijafunga mfuko. Ukiliwa mbichi, unaua. Mtoto wa jirani yangu Ndayikunda alikufa kwa huohuo mwaka uliotangulia.

Nadine alizoea kudokoa makopa, vipande vya muhogo uliokwisha kulowekwa, yaliyoanikwa juani. Makopa makavu hayana neno, kwa hiyo hukumu yangu ilitegemea nimeamkaje. Nikiwa nimeuza vizuri, nilimwita panya wangu na kucheka hadi nikashika mbavu. Mgongo ukiniuma, nilikata fimbo ya mti wa kahawa. Nikishampiga, moyo ulinisuta, nikambembeleza kwa ndizi mbivu. Juma lile nilikuwa nimetangaza, kwa sauti ya mkuu wa wilaya, kwamba atakayegusa muhogo wowote bila kuomba hatakwenda nami gulioni Jumamosi. Mume wangu Stanislaus alicheka, akasema sheria zangu hazijawahi kufika Ijumaa zikiwa hai. Aliniudhi, kwa sababu alisema kweli.

Nilimkuta Nadine nyuma ya jiko. Nikamuuliza kama amekula muhogo wa kwenye beseni, akasema hapana. Nikauliza kwa ukali, akasema ndiyo. Nikauliza kwa upole, akasema hapana. Nikamnusa mdomo, sikujua ninanusa nini. Basi nikambeba mgongoni, nikamfunga kwa kitenge, nikashika njia ya hospitali nikikimbia. Hatukuwa tumefika mbali aliposema sikioni mwangu:

"Mama, leo ni siku ya fimbo au siku ya kucheka?"

"Unauliza ya nini?"

"Nijue niseme nini."

Nikakaa chini palepale njiani, naye mgongoni. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona mbele ya mtu mzima. Mwanangu hakuwa mwongo. Alikuwa akinikatia jibu la kunitosha, kama fundi anavyokata nguo, na vipimo vyangu vilibadilika kila siku. Sasa nilihitaji neno moja la kweli kutoka kwake ili aishi, na mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha kulificha.

Nikamfungua, nikamkalisha mbele yangu.

"Leo si ya fimbo wala ya kucheka," nikamwambia. "Uligusa muhogo, kwa hiyo gulioni huendi. Basi. Adhabu haitaongezeka, haitapungua. Sasa niambie mihogo iko wapi."

Akafikiri.

"Haitaongezeka?"

"Haitaongezeka."

"Wamelala," akasema. "Kwenye migomba."

Tukarudi mbio hadi migombani. Walikuwa wamelala kweli. Watoto watatu weupe wa muhogo juu ya jani kavu la mgomba, wamefunikwa kitambaa, mmoja ana nywele za hindi. Akaninong'oneza kwamba yule mdogo anaumwa, nisimwamshe. Nikamwamsha. Nikawageuza wote watatu, nikapapasa kila upande, sikuona alama ya jino hata moja. Nililia na kucheka kwa pamoja. Nilijisikia kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni, hata shingo nilihisi imerefuka.

Katika furaha ile nilitamani sana kumsamehe gulio. Nikauma ulimi. Jumamosi alilia, na Stanislaus akaninong'oneza, "Mama Nadine, mwache aende. Hata wewe unataka." Nikamjibu kwamba ndiyo, nataka, na nikatoka peke yangu. Siku ile niliuza unga wote kabla ya saa sita, wala sikufurahi, kwa jinsi nilivyoyakosa maneno yake mengi njiani.

Niliporudi, nilimkuta amesimama kwenye kichochoro cha kuingilia nyumbani. Hakunisubiri nitue kikapu.

"Mama, nimevunja kibuyu chako cha kusukia maziwa."

Nikamuuliza kama baba yake anajua.

"Baba yuko shambani. Hakuna aliyeniona," akasema, akasubiri hukumu yake.

Kibuyu kile mama yangu alivuka nacho mpaka kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili, akiwa ameacha vyombo vingine vyote, na nilikipenda kuliko kitu chochote nyumbani mle. Nikatua kikapu. Nikamwambia twende akanionyeshe vipande vilipo, naye akanishika mkono, akatangulia.