Uzi Usiojua Kunyamaza

Wapo watu ambao Mungu amewapa ulimi wa kutania, na wasipoutumia huugua. Otmar, fundi redio wa Isaka, alikuwa mmoja wao, na aliyepokea sehemu kubwa ya ulimi huo alikuwa Bujiku, mpiga gitaa la solo wa Isaka Jazz. Usimwonee huruma Bujiku, naye alikuwa na ulimi wake. Koo zao zilikuwa za watani tangu enzi za mababu. Mmoja akifa, wa upande wa pili huja msibani wakajilaza ndani ya kaburi, wakasema marehemu asubiri kwanza, nyumba hii imeshapata mpangaji, na hawatoki mpaka wapewe kuku. Watu wa namna hiyo wakikutana asubuhi hawapotezi muda kwa salamu.

"Msumbwa, leo umeshuka mti gani wa mizinga?" Bujiku angeuliza akipita mbele ya kibanda cha Otmar.

"Pita, pita, michembe yako ya viazi isikupoe mdomoni," Otmar angejibu bila kuinua macho kutoka kwenye redio aliyoifungua. Kisha wangecheka, kila mmoja akaenda kazini kwake na siku ikawa njema.

Mwaka mmoja kabla ya vita vya Kagera, msimu wa pamba ulipopamba moto, kamba ilikatika pale stesheni, ambako Bujiku alipakia mizigo mchana ili usiku awe mwanamuziki. Robota la pamba lilimwangukia mkono wa kulia, likaubana kwenye chuma cha behewa. Hospitali walifanya waliloweza. Kiganja kilipona, lakini vidole vyote vilikwenda.

Otmar alikwenda kumwona. Njiani kote alikuwa akitunga tusi, maana mtani haendi kwa mgonjwa mikono mitupu. Alipofika kitandani na kuuona ule mkono umefungwa bendeji nyeupe, mfupi kuliko mkono unavyotakiwa kuwa, tusi lilimpotea. Alisema, "Pole sana, ndugu yangu." Bujiku alimtazama kitambo, kisha akageukia ukutani. Otmar alidhani ni maumivu.

Bujiku aliporudi nyumbani alijaribu. Alijifunga kijiti cha kupigia kwenye kifundo cha mkono kwa ukanda wa mpira wa baiskeli, akaona aibu yake mwenyewe: noti zilizozoea kutiririka sasa zilitoka moja moja, mithili ya mtu anayebisha hodi kwenye nyumba isiyo na watu. Akalitundika gitaa ukutani, mkono akautia mfukoni mwa koti, na tangu hapo hakuna aliyeuona tena, hata mkewe.

Cornel, kiongozi wa bendi, hakuwa mtu mbaya, ila bendi ni bendi. Mashindano ya Kahama yalikuwa yanakaribia. Alisema wazi kwamba Bujiku akiweza kupiga siku hiyo, nafasi ni yake. Asipoweza, yuko kijana wa Tabora anayeitaka. Baada ya maneno hayo, Febronia, mke wa Bujiku, alikwenda kibandani kwa Otmar, akakaa kwenye kreti la soda bila kukaribishwa.

"Shemeji, mwenzio anakwisha," alisema. "Mtoto akimletea maji, hata wabeja, hata asante, hasemi. Akilikosa hilo gitaa nitabaki na nani mle ndani? Fanya kitu."

Otmar hakuwa daktari. Alikuwa mtu wa redio, kwa hiyo aliwaza kiredio. Mkono wa kushoto ndio unaochagua noti, na huo ni mzima. Wa kulia kazi yake ni kuuamsha uzi tu. Je, akipatikana mwamshaji mwingine? Alichukua kisikilizio cha simu mbovu iliyotupwa na stesheni, akatoa sumaku na koili yake. Akaunganisha ndani ya kikopo transista za redio ambayo mwenyewe hakuja kuilipia, akaweka koili juu ya uzi, karibu na daraja la gitaa la Bujiku, ambalo Febronia alimletea. Sauti ya uzi ingeingia kwenye transista, ikuzwe, kisha irudishwe kwenye koili ili iutikise uzi uleule, nao utoe sauti nyingine ya kuingia tena. Kwa maneno mengine, uzi ungejilisha wenyewe.

Mara ya kwanza kifaa kilipiga mluzi mpaka mbwa wa sokoni wakabweka. Koili ilikuwa imekaribiana mno na kinasa sauti cha gitaa, akaisogeza. Mara ya pili mambo yaliharibika zaidi: noti ilikufa haraka kuliko hata bila kifaa, utadhani imezibwa mdomo. Otmar alikaa akakitazama kile kikopo kwa chuki. Alikuwa ametengeneza kitu cha kuua sauti! Kisha akajicheka. Kama kinaua kwa bidii namna ile, basi nguvu kinazo, ila kinasukuma pale kinapopaswa kuvuta. Akazigeuza nyaya mbili za koili, huu ukakaa mahali pa ule.

Uzi ukaanza wenyewe. Ulianza chini kabisa, ukapanda taratibu mithili ya uji unaokaribia kuchemka, ukafika ukakaa. Haukupungua. Bibi mmoja aliyekuja kufuata redio yake alifanya ishara ya msalaba.

"Nani anapiga?"

"Hakuna mtu, bibi."

"Basi mwambie aache," alisema bibi, akaondoka bila redio.

Swichi ya kuwashia kwa mguu aliipata kwenye lori bovu la Bedford, ile ya sakafuni ambayo dereva huikanyaga ili kupunguza taa. Ukikanyaga mara moja, kifaa kinawaka. Ukikanyaga tena, kinazima.

Alipompelekea Bujiku, kilifanya kazi. Bujiku alikanyaga swichi, akaweka vidole vya kushoto, na noti ikaimba. Akasogeza vidole, noti ikasogea bila kukatika. Febronia alilia mlangoni. Bujiku alipiga kidogo, akakanyaga swichi, kukawa kimya.

"Kazi nzuri," alisema. "Asante sana, fundi."

Fundi! Otmar alirudi nyumbani na neno hilo limemkaa kama mwiba wa samaki. Kesho yake alirudi kurekebisha koili. Keshokutwa akaongeza kitufe cha kupunguza ukali. Kila alipokuja Bujiku alimshukuru kwa adabu, na kila alipomshukuru Otmar alizidi kuumia. Noti zilikuwa sahihi zote, lakini alizipiga kama mwanafunzi anayesomeshwa kwa lazima, mkono wa kulia mfukoni, macho dirishani. Cornel alisikiliza mazoezi mara moja tu, akamvuta Otmar pembeni.

"Anapiga," alisema, "lakini mwenyewe hayumo."

Jioni hiyo Otmar alivumilia mpaka akashindwa. "Niambie kifaa kimepungukiwa nini, nikirekebishe," alimwambia Bujiku.

"Kifaa hakijapungukiwa na kitu."

"Sasa mbona uko hivyo?"

Hapo Bujiku akayatoa yote. "Pale hospitali kila aliyeingia alilia. Mama alilia, Cornel alilia, hata wahudumu walinionea huruma. Nikajisemea, ngoja Otmar aje. Otmar atanitukana, hapo nitajua kwamba bado nipo. Ukaja, ukasema pole." Akamgeukia. "Hata maiti hutaniwa, Otmar. Wewe mimi umenizika kimyakimya, kama mbwa. Na sasa unakuja kila siku kulipalilia kaburi."

Otmar alifungua mdomo. Alitafuta tusi lolote, hata la michembe, hata la ng'ombe, hakuliona. Utani hauagizwi kama soda. Alikusanya vyombo vyake akaondoka, na njia nzima aliona aibu ambayo hajawahi kuiona maishani. Yeye alidhani amenyamaza kwa upendo.

Siku ya mashindano Kahama ilifurika. Bendi zilishindana kwa desturi ya Wagika na Wagalu, makundi mawili hasimu ya ngoma za jadi: pande mbili za uwanja mmoja, zote zinapiga wakati mmoja, na watu huamua kwa miguu yao. Ukipendeza wanakuja kwako, ukichosha wanakuhama huku unawaona. Hakuna hakimu mkali kuliko huyo. Bendi ya Kahama ilikuwa kwao, yenye ngoma kubwa na mashati yaliyofanana. Isaka Jazz walikuwa na Bujiku, mkono mfukoni, na kikopo miguuni pake. Otmar alisimama pembeni karibu na betri ya lori iliyolisha kifaa.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Uzi ulipoanza kuimba bila kuguswa, watu walisogea kushangaa, wakanong'onezana kwamba watu wa Isaka wamekuja na dawa nzito. Bujiku alipiga, noti zikapita. Katikati ya wimbo wa tatu alikanyaga swichi ili azime, lakini haikuzima. Vumbi la uwanja lilikuwa limeingia ndani. Akakanyaga tena, akapiga teke. Akaondoa mkono wa kushoto kabisa, lakini uzi uliendelea kulia peke yake, noti moja ndefu isiyo na mwisho. Wenzake walipoteza mapigo, mmoja mmoja wakaacha. Watu walianza kucheka vibaya, kisha wakaanza kuhama.

Otmar alishika waya wa betri. Angeuchomoa, sauti ingekufa, fedheha ingeisha, Bujiku angeshuka akaenda nyumbani, na gitaa lingekuwa la kijana wa Tabora. Aliinua macho amtazame rafiki yake kabla ya kuvuta. Bujiku alikuwa akimtazama yeye, kwa macho yaleyale ya kitandani, ya mtu anayesubiri.

Na tusi likaja lenyewe, bila kuitwa.

"Bujiku!" Otmar alipaza sauti mpaka upande wa pili ukasikia. "Kulipiga hulipigi, kulinyamazisha huwezi! Ulipoteza vidole au ulipoteza na kichwa? Au ubongo nao uliuacha chini ya robota?"

Uwanja uliganda. Tangu ajali hakuna aliyethubutu kuutaja mkono ule. Febronia alijiziba mdomo. Uzi tu ndio ulioendelea kulia.

Bujiku alirusha kichwa nyuma akacheka, kicheko cha tumboni kilichokuwa kimefungiwa tangu hospitali. Akakisogelea kipaza sauti.

"Watu wa Kahama, mwoneni fundi wangu! Nilimwomba gitaa, Msumbwa huyu akanitengenezea mzinga wa nyuki!"

Uwanja ulipasuka kwa vicheko. Hapo Bujiku akautoa mkono wa kulia mfukoni, mbele ya wote, akakikandamiza kile kiganja kisicho na vidole juu ya uzi. Uzi ukanyamaza. Akainua, ukalia. Akakandamiza, akainua, haraka, kwa mapigo ya kucheza, na mkono wa kushoto ukakimbia juu ya shingo ya gitaa kama zamani. Sauti isiyo na mwisho ilihitaji mtu wa kuikatakata tu, na kwa kazi hiyo kiganja kinatosha. Mpiga ngoma alimdaka, besi likafuata. Waliokuwa wanahama waligeuka.

Sitakudanganya kwamba walishinda. Kahama walikuwa kwao na ngoma zao zilikuwa kubwa. Lakini watu wengi walirudi upande wa Isaka na hawakuondoka tena mpaka jua linazama, na Cornel hakumtaja kijana wa Tabora.

Bujiku aliposhuka, alimwendea Otmar moja kwa moja, akamnyooshea ule mkono wa kulia, mbele ya kila mtu. Otmar hakuwa ameugusa hata siku moja. Aliushika. Ulikuwa wa moto, na uzi ulikuwa umechubua ngozi changa ya kovu mpaka damu ikachuruzika kidogo. Machozi yakamshinda.

"Mtani wangu analia!" Bujiku alipiga kelele akiwageukia watu, bila kumwachia. "Jamani, kwani nani amekufa?"

Otmar alilia palepale, mbele ya Kahama nzima, na hakuuachia mkono.